Fundi Asiulizwe

Benita aliyasema maneno yale akiwa na pini mdomoni, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua.

“Yule mzungu wa Placide naye alikuwa mutu wa hapa hapa Joburg,” alisema huku akikunja pindo la gauni. “Enjinia wa minara ya simu. Alikufia kule kwetu, njia ya Mangurujipa. Mpaka leo Placide anamuotaka.”

Masika alikuwa amesimama juu ya kigoda, mikono ameinyanyua kidogo ili gauni lishuke vizuri. Alishtuka, pindo likamponyoka Benita. Swali lilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi: aliitwa nani? Akalibana kwa meno.

“Nimekuchoma?” Benita akauliza.

“Hapana, dada. Endelea tu.”

Benita akaendelea kushona. Mumewe, Placide, ambaye ndiye fundi mwenyewe, hakuwepo. Alikuwa amekwenda mjini kutafuta zipu kwenye maduka ya jumla. Masika alishuka, akavaa nguo zake, akaaga. Pale kwenye kona ya Troyeville alivuka barabara bila kutazama robot, zile taa za barabarani, teksi ikampigia honi na dereva akamtukana kwa Kizulu. Hakumsikia. Alikuwa akimfikiria Tirza.

Tirza Lurie alikuwa mkutubi katika chuo kikuu ambako Masika alikuwa akiandika tasnifu yake ya uzamivu. Mumewe, Gideon, mhandisi, alikwenda Kongo kusimamia ujenzi wa minara ya simu, na huko porini, magharibi ya Butembo, gari lake likashambuliwa. Kampuni ilileta sanduku la nguo na rambirambi. Maiti haikuletwa, wala hakutokea mtu wa kusema kwamba alimwona Gideon akifa. Tangu siku hiyo Tirza hakuwa mke wala mjane. Alikuwa mtu wa dini, na katika sheria ya Kiyahudi ndoa haimaliziki ila kwa talaka inayotoka mkononi mwa mume, au kwa ushahidi kwamba mume amekufa. Miaka kupita si ushahidi. Mwanamke wa namna hiyo Wayahudi humwita aliyefungwa.

Na sheria hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Masika. Yeye alikuwa binti wa mchungaji wa Butembo, aliyejifunza Kiebrania ili awasome manabii, kisha akanaswa na mijadala ya marabi wa kale hata baba yake akaacha kuelewa anasoma nini. Sura aliyoiandikia tasnifu ilihusu jinsi marabi wale walivyohangaika kuwafungua wanawake waliofungwa. Walilegeza masharti yao wenyewe, moja baada ya jingine. Shahidi mmoja, wakasema, anatosha. Hata asiye Myahudi ataaminiwa, ila kwa sharti: awe anasimulia tu, kwa nia nyeupe, pasipo kuulizwa, asijue kwamba maneno yake yatamfungua mtu. Akishaanza mwenyewe, hapo waweza kumwuliza aendelee. Ukimtangulia kwa swali, ushahidi umekufa. Na baadhi yao wakaongeza kwamba haitoshi aseme fulani amekufa. Aseme kwamba amemzika.

Katika tasnifu Masika aliliita sharti hilo huruma. Leo, akitembea kuelekea Bertrams na mkoba umembana kwapani, aliona haya kwa jina hilo. Lilikuwa uzi, na pumzi moja tu ingeukata.

Akimwuliza Placide, amemharibu. Akimwambia Tirza, Tirza atakimbia Troyeville siku hiyohiyo na kumwuliza. Akienda mwenyewe mbele ya mahakama ya marabi, yeye naye si Myahudi, na anajua fika maneno yake ni ya nini. Kama asingeijua sheria hii, angemsimulia Tirza kwenye ngazi za maktaba, kama umbea, na umbea huo huenda ungetosha. Elimu yake ndiyo iliyomziba mdomo.

Kesho yake alimkuta Tirza kwenye chumba cha magazeti, amekaa bila kufanya kitu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

“Nimemwambia aende,” Tirza alisema.

Masika alijua anamsema nani. Kulikuwa na mwanamume mmoja, mjane, mpole, aliyekuwa akimngoja Tirza kwa muda mrefu. Sasa alikuwa amepata kazi Australia.

“Anaondoka baada ya Pasaka yetu. Aliniuliza tena kama mahakama ina jipya. Nikamwambia haina, na haitakuwa nalo. Kila mwaka nakwenda, kila mwaka wananipa chai na kusema wanasikitika. Nadhani wanasikitika kweli.” Alicheka kidogo. “Wewe ndiye bingwa wa mambo haya, Masika. Niambie kama kuna mlango ambao sijaugonga.”

Masika alitazama mikono yake. “Mwambie asiende,” alisema.

“Kwa nini?”

“Mwambie tu angoje. Mpaka Pasaka ifike.”

Tirza alimkazia macho. “Una habari gani?”

“Sina habari.”

Aliondoka upesi kabla uso haujamsaliti. Kwenye choo cha ghorofa ya pili alinawa uso mara kadhaa, akajiambia kwamba hajasema uongo, kwani kweli hana habari. Ana maneno ya Benita tu, na minara ya simu ilijengwa na wazungu wengi.

Jumatano simu yake ikalia. Ni Placide.

“Dada Masika, Benita ananiambia ulibadilika sura akitaja patron wangu, bosi wa zamani.”

“Patron gani?”

“Ule mzungu. Unajuaka watu wake?”

Masika alikuwa amesimama katikati ya korido, wanafunzi wakimpita huku na huku. Aliona kabisa jibu la kweli limekaa mbele yake. Ndiyo, mke wake yuko ghorofa ya chini, ameshika kikombe cha kahawa. Placide angefurahi, au angelia, angekuja mbio. Kisha marabi wangemwuliza: ulijua kwamba mke wake anangoja maneno yako? Naye, kwa kuwa ni mkweli, angesema ndiyo.

“Siwajui, yaya Placide,” alisema, akimwita kaka kama wanavyoitana kwao.

“Nauliza juu kuna batu banatafutaka mambo,” Placide akasema taratibu. “Batu ya kampuni. Mi niko na makaratasi ya ukimbizi tu hapa. Sitaki matata.”

“Mimi si mtu wa kampuni. Nataka gauni langu tu.”

“Sawa. Sharp.” Akakata.

Hapo ndipo hofu ilipomshika barabara. Mtu aliyekuwa tayari kusema sasa amefunga mdomo kwa sababu yake, na ameufunga kwa uongo wake.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyebaki. Msimamizi wake, Profesa Vitali Hasson, alikuwa mzee wa Kiyahudi aliyezaliwa Lubumbashi, katika familia iliyotoka kisiwa cha Rodo siku za Wabelgiji. Aliondoka Kongo kijana, lakini Kiswahili cha kule hakikumtoka, na yeye na Masika walikuwa wakigombana kwa lugha hiyo juu ya herufi na nukta za Kiebrania hadi wenzao wakaufunga mlango wa ofisi. Masika alimkuta ameinamia karatasi. Koti lake lilining'inia nyuma ya kiti.

“Profesa, koti lako limechanika kwapani.”

“Minajua. Tangu mwaka juzi.”

“Kuna fundi Troyeville. Mtu wa kwetu, Butembo.”

“Mi niko na fundi wangu.”

“Nakuomba twende kwa huyu. Na nakuomba usiniulize kwa nini.”

Mzee aliinua kichwa. Mezani, baina yao, ilikuwa ile sura ya tasnifu aliyokuwa akiisahihisha. Aliitazama, kisha akamtazama Masika. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Alimjua Tirza, alimwona kila wiki, na kila mara alimwuliza habari za afya kwa sababu hakujua amwulize nini kingine.

“Huyo fundi anasemaka Kiswahili?” aliuliza mwishowe.

“Kiswahili na Kifaransa.”

Profesa akasimama, akachukua koti. Hakuuliza neno jingine, wala ndani ya gari hakuzungumza, ila alikuwa akiendesha polepole kuliko kawaida.

Duka la Placide lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya zamani yenye paa la bati. Placide, mwanamume mwembamba mwenye ndevu fupi, alikuwa kwenye cherehani. Alipomwona Masika ameandamana na mzungu, mguu wake ulitoka kwenye kanyagio.

“Nimekuja na mwalimu wangu,” Masika alisema. “Ana koti.”

Placide alimtazama mzee kuanzia viatu hadi kwenye kikofia kidogo alichovaa utosini.

“Jambo yenu,” Profesa alisema. “Fundi, unaweza kuniokolea hii koti? Mama yangu angeiona, angenichapa mbele ya batu.”

Placide alikunja uso, kisha uso ukamfunguka pasipo kutaka. “Papa, hiyo Kiswahili ulitoa wapi?”

“Nilizaliwaka nayo. Lubumbashi. Baba alikuwaka na duka ya vitambaa karibu na posta.”

“Lubumbashi!” Placide alimgeukia mkewe aliyekuwa akichungulia kutoka jikoni. “Benita, kuja usikie huyu papa!”

Basi yakaanza ya Lubumbashi: vumbi jekundu, maembe, treni zisizofika. Placide alipita huko akikimbia, alilala kituoni majuma kadhaa kabla ya kuvuka mpaka wa Kasumbalesa. Profesa alimchekesha kwa lafudhi ya masista wa Kikatoliki waliomfundisha kuhesabu. Cherehani ikanguruma tena. Masika alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, mikono ameifungia magotini, akiomba asije akakohoa.

Ghafla umeme ukakatika katikati ya mshono. Taa ikazimika. Mtaa mzima ukawa kimya.

“Eish,” Placide alisema. “Mpaka irudi tena...”

“Tutangojea,” Profesa alisema.

Placide akachukua sindano ya mkono, akasogea karibu na dirisha, akaanza kushikiza bitana ya koti. Hapakuwa na sauti ila ya uzi ukipita kwenye kitambaa. Baada ya muda alisema, bila kuinua macho:

“Hiyo kakofia, papa. Patron wangu alikuwaka nayo moja. Ye aliivaaka Ijumaa mangaribi tu, hata tukiwa mu pori. Anawasha mishumaa mbili juu ya boneti ya gari.”

Masika alitazama sakafu. Mkono wa Profesa, uliokuwa ukipigapiga goti, ulitulia. Mzee hakuuliza. Alitikisa kichwa tu, kama mzee yeyote anayesikiliza.

Placide alivuta uzi. Alikuwa anataka kusema. Na wakati huohuo Benita akaingia na sinia.

“Papa, chai unakunywaka na sukari?”

“Kidogo, mama. Kwenye glasi, kama iko.”

“Iko. Na maziwa?”

“Bila maziwa.”

Glasi ikatafutwa, ikasuuzwa, ikaletwa. Benita akauliza kama Lubumbashi bado watu wanakula viwavi. Profesa akasema alivikataa utotoni kwa sababu ya dini, akavitamani tangu hapo. Benita akacheka sana. Placide naye akacheka, akakata uzi kwa meno, na Masika akaona yale maneno yanarudi chini, yanazama, yanakwenda. Angeweza kuyaita kwa neno moja. Alijiuma ndani ya shavu hadi akasikia ladha ya damu.

Benita akarudi jikoni.

“Alinikatazaka kumwita patron,” Placide alisema.

Profesa alipuliza chai yake, Placide akaendelea:

“Aliniambia, niite Gideon. Gideon Lurie, wa Johannesburg. Mi ndio nilikuwa chauffeur wake, namuendesha njia zote zile. Alikuwa mutu muzuri, papa. Analipuka mbio, analia mbio, kisha anaomba samahani.” Sindano ilisimama. “Walitupiga risasi kwenye kona ya mulima, asubuhi. Mi nilipinduka kwa mufereji. Ye alipata mbili za tumbo. Nilimvuta mpaka kwenye migomba, nikamukalia hapo. Alikufa kabla jua haijafika juu.”

Koti lilikuwa limemlalia magotini. Alijifuta macho kwa mkono wa shati, akaona haya, akageukia dirishani. “Tuache. Ni mambo ya zamani.”

Masika alimtazama mwalimu wake. Wote wawili waliijua sura ile neno kwa neno. Jina lilikuwapo, mji ulikuwapo, kifo kilikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa neno moja. Sasa sheria ilimruhusu mzee kuuliza, kwani Placide ameanza mwenyewe. Lakini mtu aliyesema tuache akivutwa vibaya hushtuka, na Placide alikuwa ameshaanza kumtazama Masika kwa pembe ya jicho, kama anayekumbuka simu ya Jumatano.

Profesa aliweka glasi chini.

“Pole, mwanangu,” alisema. “Na ukamuacha pale?”

“Kumuacha?” Placide aligeuka kwa hasira, sindano mkononi. “Mi nimuache? Imbwa wamukule? Nilimuzika, papa! Kwa hii mikono! Mama mumoja wa shamba aliniazima panga, nikachimba mpaka kucha zikatoka. Nilimufunga na turubai ya gari. Sikuweka musalaba, juu aliniambiaka wao hawawekeke. Niliweka mawe. Minajua mahali hata ukiniamusha usingizini.”

Kisha sauti ikamshuka. “Kampuni walisema mi ndio nilipeleka habari kwa wale batu ya silaha. Ndio nikakimbia.”

Profesa alikuwa amefunika macho kwa kiganja. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu kwa Kiebrania, taratibu, na Masika akatambua ni maneno ambayo Myahudi husema akipata habari ya kifo.

“Papa?” Placide akaita.

“Mungu akulipe,” mzee alisema. “Mungu akulipe kwa kazi ile.”

Walipofika garini Masika alitaka kusema, mzee akainua mkono. “Kimya. Mpaka nisimame mbele yao, usiniambie kitu. Hata jina.”

Mahakama ya marabi ilimsikiliza Profesa siku mbili. Masika hakuitwa, alikaa kwenye korido nje, karibu na picha za marabi waliokufa, akisikia sauti zikipanda na kushuka nyuma ya mlango. Profesa alimsimulia baadaye. Walimtaka ayarudie maneno ya fundi kwa Kiswahili chake, kisha ayafasiri, kisha tena. Walimwuliza nani alimpeleka pale.

“Mwanafunzi wangu aliona koti langu limechanika.”

“Alikwambia sababu?”

“Hakuniambia. Wala sikumwuliza.”

“Ulishuku?”

“Nilishuku. Yule fundi hakushuku.”

Rabi mmoja kijana alitaka Placide aitwe ahojiwe, jambo liwe safi. Mkubwa wao akamjibu kwamba ukimwita umemharibu. Kinachomfanya aaminike ni kwamba hajawahi kuitwa. Wakapeleka shauri kwa mwenzao mmoja Yerusalemu, nao wakangoja. Masika alipoteza uzito. Pasaka ilikuwa imebakiza siku chache jibu lilipofika, na Tirza alipewa ruhusa ya kuolewa. Alikaa matanga ya mume wake kwa muda mfupi tu, kama sheria yao inavyotaka habari inapochelewa, viatu amevua, kwenye kiti kifupi, na yule mjane mpole alikuja na kukaa mlangoni bila kusema kitu.

Siku hiyohiyo Masika alikwenda Troyeville peke yake. Alimweleza Placide kila kitu, kuanzia pini za Benita. Hakujitetea. Placide alimsikiliza mikono ikiwa juu ya meza.

“Nilikuuliza kwa simu,” alisema alipomaliza.

“Uliniuliza.”

“Nikasema, unajuaka watu wake. Ukasema huwajui.”

“Nilisema uongo.”

“Unajua mi nilitembea mpaka Midrand? Kwa ofisi ya kampuni, kutafuta ule mama. Askari wa geti alinifukuza. Nikarudi tena, akanifukuza tena. Miaka yote hii niko na maneno ya mufu kwa tumbo, sina wa kumupa. Na we ulikuwa unamuona kila siku.” Alitikisa kichwa. “Mungeniuliza tu, ningesema yote.”

“Ungesema yote, na yasingemsaidia.”

“Sasa hiyo ni sheria gani, dada? Inaamini mutu kama hajui tu kwamba anaaminiwa?”

Masika alikuwa na jibu. Lilikuwa na kurasa nyingi, na tanbihi, na alikuwa amelitetea kwenye semina bila kutetereka. Alifungua mkoba kutafuta pesa za gauni. Placide aliinuka, akatoa gauni kwenye ndoano, akalikunja vizuri, akaliweka mezani mbele yake bila kumtazama.

Aliyeomba kumwona Placide alikuwa Tirza. Placide alikubali, ila aje dukani, na Jumapili baada ya misa. Kiingereza chake hakikutosha kwa mambo yale, Tirza hakuwa na Kiswahili wala Kifaransa, na Profesa alikuwa amelazwa kwa mapafu. Kwa hiyo Masika alikaa kati yao, kwenye kigoda, akipeleka maneno huku na kurudisha kule. Placide alizungumza na Tirza. Masika hakutupiwa hata jicho.

Placide alimchorea Tirza njia kwa chaki ya fundi juu ya meza ya kukatia: hapa mto, hapa shule ya Waprotestanti, hapa migomba, hapa mawe. Tirza alifuata chaki kwa kidole. Aliuliza kama kuna kivuli. Placide alisema kipo, mpaka saa tisa.

“Alisema nini?” Tirza aliuliza. “Mwishoni.”

Masika alifasiri. Placide aliweka chaki chini.

“Aliniuliza kama nimezima moteri,” alisema. “Nikamwambia ndiyo. Akasema, vizuri, basi mafuta itatosha kurudi.”

Masika aliposema hayo kwa Kiingereza, Tirza alijiziba mdomo, na kilichotoka kilikuwa kicheko, kisha hakikuwa kicheko tena. “Ndiye,” alisema. “Huyo ndiye. Alikuwa anazunguka nyumba nzima kuzima taa.”

Benita alileta maji. Tirza aliushika mkono wa Placide kwa mikono yake miwili, kisha akauachia. Placide alifuta meza kwa kitambaa, lakini ile ramani hakuifuta. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu waingie, alimgeukia Masika.

“Minajua sababu,” alimwambia kwa sauti ya chini. “Ule papa alinipigia simu, akanieleza polepole. Kama ungeniuliza, huyu mama angebaki amefungwa. Minasikia hiyo. Lakini siku nyingine ukiwa na shida na mimi, kuja na hiyo shida mbele ya macho yangu. Usinitege kama ndege.”

“Nimesikia, yaya Placide.”

“Sijasema nimesamehe.”

“Nimesikia.”

Tirza alikuwa akiwatazama kwa zamu, macho mekundu. “Anasema nini?” aliuliza. “Masika, anasema nini?”

Masika alivuta pumzi, akamfasiria yote, pamoja na lile la ndege.